Mwanangu halali kwa hofu ya shule mpya

*Daktari, binti yangu wa Gredi ya 9 anasubiri kujua atapangiwa shule gani. Usiku halali, asubuhi tumbo linamuuma. Je, anadeka? — Mama, Nakuru*

Hadeki, Mama. Hofu huvuruga tumbo kwelikweli. Kundi lake ndilo la kwanza kuingia Gredi ya 10, Januari 2026. Hata waliomtangulia shuleni hawana la kumsimulia.

“Usijali” haisaidii. Mwambie yanayojulikana na yasiyojulikana bado, na tetesi za WhatsApp zisisomwe mbele yake usiku. Mwache achague mwenyewe hata sanduku la shule.

Hali ikizidi wiki mbili, au akiacha kula, mwone mwalimu mshauri au daktari. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bure.