Kuchavusha Vanila kwa Mkono

Vanila ni mmea wa jamaa ya okidi, yale maua ambayo watu wengine huyatunza katika vyungu barazani kwa uzuri wake tu. Lakini vanila huzaa tunda la kuuza, na kwa sababu hiyo wakulima wa Bukoba na wa Uganda huipanda kati ya migomba.

Hupandwa kipande cha shina penye mti wa kuutambalia, kama mbono kaburi, wenye kivuli chepesi. Mizizi iko juu juu, basi ifunike kwa majani makavu, wala usipitishe jembe karibu nayo. Hayo wengi wanayajua. Kinachowashinda ni ua.

Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile, na huku kwetu hakuna mdudu wa kutegemewa kulichavusha. Ndani yake unga wa kiume uko juu, mahali pa kike panaponata pako chini, na katikati pana kiwambo kidogo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha jinsi ya kukishinda kiwambo hicho. Njia yake ndiyo itumikayo hata leo.

Shika ua kwa mkono wa kushoto. Pasua mdomo wake kwa njiti iliyochongwa laini, kisha inua kiwambo kwa njiti hiyo hiyo. Kwa kidole gumba sukuma unga taratibu mpaka ugandame pale panaponata. Mkono uliozoea humaliza kwa nukta chache. Ua likianguka kesho yake au kesho kutwa, halikushika; likinyauka bila kuanguka, limeshika.

Usichavushe maua yote. Katika kichala kimoja manane au kumi yatosha, nayo yawe ya upande wa chini ili matunda yaning'inie wima. Mmea uliobebeshwa mno hudhoofika.

Tunda hufikia urefu wake kwa majuma machache tu, lakini hukomaa kwa miezi 9 hivi. Hapo ndipo wengi huharibu kazi yao yote: huchuma mapema kwa kuogopa wezi, na tunda changa halina harufu, tena huota ukungu likikaushwa. Madagaska wakulima hutoboa alama zao kwa pini juu ya tunda lingali bichi. Alama hiyo haifutiki hata likikauka, na mnunuzi huiona.