Kabla Hujasema "Kachomelee Tu"

Mdogo wangu, sogea nikwambie. Najua huko Karagwe, Bweranyange kama Kayanga, chuma kikikatika neno la kwanza mdomoni ni "kachomelee". Sikulaumu, wengi mko hivyo, maana kazi inaisha upesi. Ila haraka haraka haina baraka.

Kuchomelea kwa umeme kunalipa pale kitu kinapobeba mzigo na hutarajii kukifungua tena: geti, kenchi, fremu ya toroli. Hutoboi matundu wala hupishanishi vipande, kwa hiyo hata chuma kinachotumika ni kidogo. Unalipia vijiti, umeme, grenda na mkono wa fundi. Haya, sasa mbona umechomelea kifuniko cha mashine ya kumenya kahawa, kitu cha kufunguliwa kila msimu kisafishwe? Mwakani utalipa kukikata, ulipe tena kukichomelea, na uchungu juu yake. Bolti na nati zingekutaka matundu machache na spana, basi.

Bati jembamba nalo, moto wa umeme hulitoboa, ribiti zinatosha. Ndoo ya bati inayovuja, tia lehemu: huyeyuka chini ya nyuzijoto 450, wakati chuma chenyewe hungoja karibu 1,500. Lakini lehemu yenye risasi isiguse chombo cha maji ya kunywa wala chakula, nakusihi. Fremu ya baiskeli hushikwa vizuri na shaba kwa moto wa gesi, ingawa gesi ina bei yake.

Na usidhani kuunga chuma kumeletwa na nguzo za umeme. Ikulu ya Bweranyange, ambako mpelelezi Mwingereza Speke alipokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, inajulikana kwa nyundo na ng'ombe wa chuma wa kifalme. Wahunzi wa zamani waliunga chuma kwa kukipasha mpaka kiwe cheupe na kukigonga. Hawakununua vijiti, gharama yao ilikuwa makaa na jasho.

Narudia, kabla ya bei uliza kama kitafunguliwa. Tena usisimame ukikodolea macho cheche, usiku utalia kana kwamba umetiwa mchanga. Bomba lenye zinki likichomelewa, moshi wake huleta homa. Kaeni pasipo kuta, upepo upite. Fundi akikujibu "yote sawa tu", beba chuma chako, uende kwa mwingine.