Titini: Uzi wa Tatu wa Msuli

Pomboo waonekanao katika bahari ya Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, huogelea kwa kupiga mkia juu na chini, tofauti na samaki ambao huupiga upande kwa upande. Kazi hiyo hufanywa na misuli iliyolala juu na chini ya uti wa mgongo. Misuli ya juu inaposinyaa, mkia hupanda na misuli ya chini huvutwa. Kisha zamu hubadilika. Basi kila msuli una mambo mawili ya kutimiza: kuvuta, na kuvutwa pasipo kuharibika.

Jinsi msuli unavyovuta hufundishwa shuleni. Mwaka 1954 A. F. Huxley na R. Niedergerke kwa upande mmoja, na H. E. Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine, walionyesha kwamba nyuzi nyembamba za aktini huteleza kati ya nyuzi nene za mayosini. (Huxley hawa wawili hawakuwa na udugu.) Nadharia hiyo imesimama hadi leo. Hata hivyo, picha ichorwayo ubaoni, yenye aina mbili tu za nyuzi, ina pengo. Msuli unapolegea, mayosini huiachia aktini. Iwapo hapana kitu kingine kiziunganishacho, kwa nini nyuzi hizo zisichomoke na kuachana kabisa pindi msuli unapovutwa?

Jibu la zamani lilikuwa kwamba msuli hushikwa na tishu za kolajeni ziuzungukazo. Hilo ni kweli kwa sehemu, hasa msuli mzima unapovutwa sana. Lakini hata unyuzi mmoja wa msuli uliovuliwa gamba lake huvutika na kurudi kama mpira. Kwa hiyo unyumbufu umo ndani yake.

Mwaka 1977 Koscak Maruyama na wenzake wa Japani walieleza juu ya protini nyumbufu ya msuli waliyoiita konektini. Mwaka 1979 Kuan Wang na wenzake wa Marekani walieleza juu ya protini kubwa mno waliyoiita titini, kutokana na majitu ya hadithi za Kiyunani. Baadaye ilidhihirika kwamba ni kitu kimoja, na jina la titini ndilo lililoenea. Ilikuwa imejificha kwa sababu ya ukubwa wake: ilikuwa vigumu kupenya katika jeli zinazotumiwa maabara kutenganisha protini, na ilikatika kwa urahisi.

Hemoglobini ya damu ina asidi amino 574. Titini ya binadamu ina zaidi ya 34,000 katika mnyororo mmoja, nayo ndiyo protini kubwa kuliko zote za mwili wetu. Jina lake kamili la kikemia lina herufi zaidi ya 180,000. Ni mzaha tu, kwani hakuna mwanasayansi alitumiaye. La maana zaidi ni urefu wa molekuli yenyewe, unaozidi mikrometa 1. Kipande kimoja cha msuli, yaani sakomea, kina mikrometa 2 na ushei. Kwa hiyo molekuli moja ya titini huanzia kwenye kiwambo cha mwisho wa sakomea na kufika katikati yake.

Sehemu iliyo karibu na katikati imelala juu ya uzi wa mayosini. Iliyobaki, kati ya ncha ya mayosini na kiwambo, ndiyo inyumbukayo. Humo mna vifundo vilivyopangwa kama shanga, na mna kipande kisicho na umbo maalumu chenye wingi wa prolini, glutameti, valini na laisini. Msuli unapovutwa kidogo, mstari wa shanga hunyooka. Ukivutwa zaidi, kipande kile hukunjuka. Kani ikizidi mno, hata shanga zenyewe hufumuka. Mwaka 1997 watafiti walivuta molekuli mojamoja na kuona shanga zikifumuka moja baada ya moja, kwa kani ya pikonyutoni 150 hadi 300.

Kurudi kwa titini hakufanani na kurudi kwa springi ya chuma. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Ning'iniza jiwe kwa mpira wa kufungia noti hadi mpira uvutike sana, utie alama mahali jiwe lilipo, kisha uumiminie mpira maji ya moto kwa uangalifu. Jiwe litapanda! Minyororo mirefu ya mpira ina njia nyingi za kujikunja na chache za kunyooka. Joto huichezesha, nayo huvuta kurudi katika vurugu yake. Titini, kwa sehemu kubwa, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Mwaka 1986 titini ya nyuzi za msuli ilivunjwa kwa mnururisho, na ukinzani wa msuli uliolegea ukapungua.

Samaki aliyeshushwa diko huwa laini, kisha hukakamaa, kisha hulegea tena. Hukakamaa kwa kuwa ATP imekwisha, na mayosini haiwezi kuiachia aktini. Baada ya hapo vimeng'enya hukata protini za msuli, titini ikiwamo, na nyama huanza kulegea. Barafu huchelewesha kazi hiyo.

Kwa binadamu, uzi huu una uzito mkubwa moyoni. Titini ya moyo ina kipande kinyumbufu kifupi kuliko ile ya misuli mingi ya viungo, na ugumu wake huamua jinsi moyo unavyojaa damu kati ya pigo na pigo. Jeni yake ikiwa na kasoro inayoikatisha protini hii njiani, moyo waweza kutanuka na kudhoofika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulizikuta kasoro za namna hiyo katika takriban robo ya wagonjwa ambao maradhi ya moyo kutanuka yamo katika ukoo wao. Lakini wako pia watu wenye kasoro kama hiyo waishio bila dalili yoyote, na kwa sababu hiyo daktari hawezi kuhukumu kwa jeni peke yake. Hana budi kuupima moyo wenyewe.