Binti Amechaguliwa Shule ya Ufundi

Msomaji, ukitoka mjini Arusha kwenda Kijenge utaona nyumba nyingi zinajengwa. Hapa pana tofali, pale pana mchanga na kokoto. Mafundi wako juu ya kuta. Mji unakua, na kazi ya fundi haikosekani.

Lakini tukisema "fundi", watu wengi humfikiria mtu aliyeshindwa shule. Je, ni kweli?

Tuseme jirani yako wa Kijenge ni fundi mwashi. Binti yake amemaliza darasa la saba. Majina yametoka, naye amechaguliwa kwenda shule ya sekondari ya ufundi. Mama anafurahi. Baba hafurahi. Anasema, "Mama watoto, ufundi ningemfundisha mwenyewe hapa nyumbani, bila nauli. Nilitaka shule imtoe kwenye zege. Kumbe inamrudisha huko huko!"

Usimcheke baba huyu. Amekoroga zege miaka mingi, na mgongo wake unamwuma. Ila kuna mambo hajaambiwa.

Kwanza, shule za sekondari za ufundi za serikali hazichukui watoto walioshindwa. Wanafunzi wake huchaguliwa kati ya wale waliopata alama za juu katika mtihani wa darasa la saba. Kwa hiyo binti huyu ameshinda.

Pili, shule haimfundishi yale yale anayoyajua baba. Tutazame kazi moja. Baba anapoanza msingi, huchukua kamba. Kwenye kona hupima futi 3 upande mmoja, akatia alama. Hupima futi 4 upande wa pili, akatia alama. Kisha hupima kutoka alama hadi alama. Akipata futi 5 kamili, kona ni sawa. Akipata zaidi au pungufu, kona imepinda, na nyumba nzima itapinda. Jambo hili baba alifundishwa na fundi mkubwa wake. Hakuambiwa sababu.

Binti ataambiwa sababu. Mara 3 kwa 3 ni 9. Mara 4 kwa 4 ni 16. Jumlisha, unapata 25. Na mara 5 kwa 5 ni 25 pia. Akishajua hivyo, haishii kwenye kona ya msingi. Tuseme paa lina kimo cha futi 5, na nusu ya upana wake ni futi 12. Mbao ya mshazari itakuwa na urefu gani? Mara 5 kwa 5 ni 25. Mara 12 kwa 12 ni 144. Jumla ni 169, ambayo ni 13 mara 13. Basi mbao ni futi 13, kabla ya kuongeza sehemu ya kutokeza nje ya ukuta. Amejua hayo kwa kalamu, kabla msumeno haujagusa mbao. Bei ya mbao unaijua mwenyewe.

Shule hizi si mpya. Ifunda, mkoani Iringa, ilianza mwaka 1951, wakati wa mkoloni. Ya Moshi ilifuata mwaka 1957. Zipo pia Tanga, Mtwara na kwingineko. Kwa miaka mingi zilikuwa za wavulana. Siku hizi zipo zinazopokea wasichana pia. Wanafunzi husoma hisabati na sayansi, huchora michoro, na huingia karakana kujifunza ujenzi, umeme au mitambo. Baada ya kidato cha nne wanaweza kuendelea na vyuo. Kimoja kiko hapa hapa mjini: Chuo cha Ufundi Arusha. Kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule.

Sasa tuje kwenye lugha. Huko sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo watoto wengi hukwama. Mtoto anaijua mashine, lakini hajui kuieleza kwenye mtihani. Kwa maoni yangu jambo hili ni zito kuliko hisabati. Mzazi asingoje barua ya shule. Miezi ile ya kungoja, mtoto asome Kiingereza kila siku, japo ukurasa mmoja.

Zipo pia shule zinazofundisha Kifaransa, Kiarabu au Kichina. Usidhani ni anasa. Tangu mwaka 1995 Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Bila wakalimani, hakimu asingemwelewa shahidi. Watalii nao wanaokuja kuona Mlima Meru na Serengeti hawatoki nchi moja. Na mashine zinaletwa kutoka nchi nyingi.

Tena lugha na ufundi ni marafiki wa zamani. Neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, "meza" kwa Wareno, "spana" kwa Waingereza. Hata "karakana" ilitoka ng'ambo, Uajemi na India.

Turudi kwa jirani. Jioni mama alichukua fomu ya kujiunga, akaisoma kwa sauti. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole. Ada hakuna, maana shule za serikali haziichukui mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016. Lakini kulikuwa na sare, godoro, shuka, ndoo na nauli. Kulikuwa pia na tarehe ya kuripoti.

Baba alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Hiyo tarehe, isome tena."

Mama akaisoma tena. Baba akahesabu kwa vidole. Zilibaki wiki tatu. Akasema, "Kesho nitamwomba tajiri wa ile nyumba anipe malipo ya ukuta. Godoro tuanze nalo."

Maswali

1. Kwa nini baba hakufurahi mwanzoni? Je, alikuwa na haki?
2. Chukua kamba, upime kona moja ya nyumba yako kwa futi 3 na futi 4. Umepata futi 5?
3. Paa lina kimo cha futi 6, na nusu ya upana wake ni futi 8. Mbao ya mshazari ni futi ngapi?