Mihadhara Ikiisha: Namna ya Kuuvuka Muhula wa Kiangazi Uingereza

Katika vyuo vikuu vya Uingereza vinavyogawa mwaka kwa mihula mitatu, muhula wa mwisho huanza baada ya Pasaka na kumalizika mwishoni mwa Juni. Ukiuangalia kwenye ratiba unaonekana mwepesi. Mihadhara inapungua, semina zinafungwa, kinachobaki ni marudio, mitihani na tasnifu. Hapo ndipo wanafunzi wengi kutoka kwetu wanapopotea. Hakuna anayekusubiri darasani wala anayekiona kiti chako kitupu. Mtu anaweza kuugua, kufiwa au kuishiwa hela, na wiki nzima ikapita bila mtu yeyote chuoni kujua.

Nilisoma Lancaster, kaskazini-magharibi mwa England, shahada ya kwanza na baadaye uzamili. Chuo hicho kilianza mwaka 1964 na kampasi yake iko Bailrigg, nje kidogo ya mji. Mwaka wa masomo huhesabiwa kwa wiki, kuanzia ya 1 hadi ya 30, na muhula wa kiangazi ni wiki ya 21 mpaka ya 30. Ninayoyaandika hapa nimeyaona huko, lakini mengi yanafanana karibu nchi nzima. Kama wewe ni mgeni, shika hili kwanza: msaada upo, tena mwingi, ila kila msaada una tarehe yake ya mwisho, na hakuna atakayekufuata kukukumbusha.

Habari zinakuja kwa barua pepe

Nyumbani habari za chuo hukufikia hata ukiwa umelala. CR, yaani mwakilishi wa darasa, anazirusha kwenye kundi la WhatsApp, mwenzako wa chumba anakuamsha, ubao wa matangazo uko njiani. Uingereza habari rasmi huja kwa barua pepe ya chuo, na chuo kinahesabu kwamba umeisoma. Ratiba ya mitihani, chumba kilichobadilishwa, siku ya mwisho ya kuomba fedha za dharura, vyote vimo humo, mara nyingi katikati ya jarida refu lenye matangazo ya yoga na ziara za milimani. Wanafunzi wengi huchoka na jarida hilo wakaacha kulifungua. Mimi nililipangia Jumatatu asubuhi, na chai mkononi. Nililisoma mpaka mwisho, na kila tarehe niliyoikuta niliiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza. Fanya hivyo. Simu pekee haitoshi, kwa sababu simu ndiyo hiyo hiyo unayoizima unapotaka kusoma.

Fuatilia pia vyombo vya wanafunzi wenyewe. Lancaster kuna gazeti la SCAN, redio ya Bailrigg FM na televisheni ya LA1TV. Humo ndimo utakapopata mijadala ya kodi za mabweni, uchaguzi wa Umoja wa Wanafunzi na malalamiko ambayo jarida la chuo haliyagusi. Ukiisoma habari hiyo mapema, utajua una wenzako katika tatizo lako.

Jambo dogo kuhusu saa: ratiba ikisema 09:30, hiyo ni saa tatu na nusu ya kwetu. Ukizungumza na nyumbani kwa Kiswahili jioni nzima, akili inarudi kwenye saa za nyumbani, kwa hiyo andika namba zote mbili kwenye karatasi yako.

Ukipatwa na jambo wakati wa mitihani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoona watu wakiumia bila sababu.

Sisi tumelelewa kuvumilia. Mtu anapata taarifa ya msiba usiku, asubuhi anaoga, anaingia kwenye chumba cha mtihani, na anaona amefanya jambo la kiume. Katika vyuo vingi vya Uingereza kuna kanuni kwamba ukishaingia na kukaa kwenye mtihani, umetamka mwenyewe kuwa uko sawa kuufanya. Ukija baadaye kusema ulikuwa na homa au ulikuwa umefiwa, mlango ni mwembamba sana. Kwa hiyo ukiwa hoi, zungumza kabla ya kuingia. Andika barua pepe kwa idara yako na kwa mshauri wako wa masomo asubuhi hiyo hiyo, hata mistari miwili: nimepatwa na hili, siwezi kufanya mtihani wa leo, naomba maelekezo. Mistari hiyo ina tarehe na saa, na itakusaidia kuliko maelezo marefu ya wiki mbili baadaye.

Kisha jaza fomu ya kueleza jambo lililokusibu. Kila chuo kina jina lake kwa fomu hiyo na muda wake wa kuipokea, na mara nyingi muda ni mfupi, kwa sababu lazima iwe mezani kabla bodi ya watahini haijakaa. Fomu ikikubaliwa, kwa kawaida utaruhusiwa kuufanya mtihani mwishoni mwa kiangazi kama mara ya kwanza, alama zako zikiwa kamili. Usipoijaza na ukafeli, unakwenda kwenye marudio, yaani sapu, na vyuo vingi hufunga alama za sapu kwenye kiwango cha kufaulu tu: 40 kwa shahada ya kwanza, 50 kwa uzamili. Fomu hiyo inaweza kuamua daraja la shahada yako.

Ushahidi ndio unaowasumbua wengi wetu. Fomu huuliza uhusiano wako na marehemu, na mtu anaandika tu kwamba alikuwa mjomba. Anayeisoma hawezi kujua kwamba mjomba huyo ndiye aliyekulea tangu darasa la kwanza na kukulipia ada. Liandike wazi: niliishi nyumbani kwake, ndiye mlezi wangu. Omba nyumbani wakutumie picha ya cheti cha kifo au kibali cha mazishi, au barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Karatasi za Kiswahili huhitaji tafsiri, kwa hiyo uliza idara inakubali tafsiri ya nani kabla ya kulipa hela. Ukikwama, nenda kwenye ofisi ya ushauri ya Umoja wa Wanafunzi. Kazi ya watu hao ni kumsimamia mwanafunzi, hawako chini ya idara yako, na watakusaidia kuipanga fomu bure. Nimekaa na mwenzangu kwenye ofisi ya aina hiyo, akalia, akapewa maji, akatoka na fomu iliyokamilika. Aliufanya mtihani wake mwisho wa kiangazi, akafaulu vizuri.

Kama una ugonjwa wa kudumu au ulemavu, mambo ni tofauti kidogo. Ile posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu haiwahusu wanafunzi wa kigeni, na wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 bado inakilazimu chuo kukufanyia marekebisho yanayofaa: muda wa ziada, chumba cha peke yako, kiti maalumu. Omba kabla ya Pasaka, maana ratiba ikishapangwa ni vigumu kuifumua.

Na kuna usiku mgumu, ambao hauna fomu. Nightline, huduma ya simu ya wanafunzi wanaowasikiliza wanafunzi wenzao usiku, ilianzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1970 na ikaenea vyuo vingine, kwa hiyo angalia kama chuo chako kinayo. Samaritans, shirika la kuwasikiliza walio katika dhiki, wanapatikana kwa namba 116 123, bure, saa 24. Huhitaji kuwa na sababu kubwa ili kupiga. Jiandikishe pia kwa daktari wa NHS, huduma ya afya ya umma, tangu unapofika, kwani ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka umeshailipa pamoja na visa.

Mwanga, usingizi na chavua

Mtu aliyekulia Tanga au Unguja amezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Lancaster mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasoro robo usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mwili hauelewi ulale saa ngapi. Tafuta pazia zito au kitambaa cha kufunika macho, na uweke saa ya kulala hata kama nje kunang'aa. Kwa Waislamu ni vigumu zaidi: Isha inachelewa sana na Alfajiri inaingia mapema mno, na katikati hapo kuna mtihani wa saa tatu na nusu. Zungumza na imamu au kiongozi wa jumuiya ya Waislamu chuoni kuhusu utaratibu wanaoufuata wakati wa kiangazi. Na kama Eid ya kuchinja inaangukia siku za mitihani, kama ilivyokuwa tarehe 6 Juni 2025, vyuo vingi hupokea maombi ya kutopangiwa mtihani siku hiyo. Maombi hayo hufungwa mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni chavua za nyasi. Mei mpaka Julai zinajaa hewani, na mtu asiyewahi kupiga chafya hovyo nyumbani anajikuta macho yanawasha na pua inatiririka katikati ya insha. Nenda duka la dawa, uombe cetirizine au loratadine, na mweleze mfamasia kwamba una mtihani, ili akupe isiyoleta usingizi. Anza kuitumia siku kadhaa kabla.

Kazi na visa

Mwanafunzi wa shahada mwenye visa anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Wa shahada ya kwanza akifunga chuo Juni, anaweza kufanya kazi muda wote mpaka masomo yaanze tena. Wa uzamili wa mwaka mmoja hana likizo hiyo. Kiangazi ndicho kipindi chake cha tasnifu, na saa zake zinabaki 20 mpaka kozi iishe. Wengi huwaona wenzao wa shahada ya kwanza wakipokea zamu nyingi viwandani wakadhani nao wanaruhusiwa. Tena usipeleke chakula kwa baiskeli kupitia zile programu za simu. Huko ni kujiajiri, na visa ya mwanafunzi inakataza. Kosa la aina hii linaweza kukufukuzisha nchini ukiwa umebakiza kurasa chache za tasnifu. Hela zikikata, uliza mfuko wa dharura wa chuo. Mifuko mingine ni ya Waingereza tu, lakini vyuo vingi vimetenga kitu kwa wageni waliopatwa na dhiki wasiyoitarajia, na ofisi ya ushauri inajua ni upi.

Ukitaka kubaki baada ya kuhitimu, visa ya wahitimu huombwa ukiwa ndani ya Uingereza, baada ya chuo kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba umefaulu, na kabla visa yako ya sasa haijaisha. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, muda wake kwa shahada ya kwanza na uzamili unashuka kutoka miaka 2 hadi miezi 18. Wazazi wanaotaka kuja mahafali ya Julai wanaweza kuomba visa ya matembezi miezi mitatu kabla ya safari. Waanze siku ya kwanza ya miezi hiyo.

Usijifungie

Nimeyaacha matamasha mwisho, ila usiyadharau. Lancaster na York hushindana michezo kila mwaka mwanzoni mwa muhula huu, mashindano yanayoitwa Roses, tangu mwaka 1965. Jina linatokana na waridi jekundu la Lancaster na jeupe la York, alama za koo mbili zilizopigania kiti cha ufalme karne ya 15. Miaka ya witiri mashindano hufanyika York, ya shufwa hufanyika Lancaster, na mshindi huchukua kombe la Carter-James. Nenda hata kama hujui kriketi. Utapiga kelele kutwa nzima pamoja na watu ambao mwaka mzima hamjasalimiana, na ukirudi kusoma kichwa kimetulia. Mitihani ikiisha kuna sherehe za kila koleji, Extravs. Pombe ni nyingi, lakini hakuna anayekulazimisha, na muziki na chakula vinatosha.

Wengine watakualika Morecambe, ufukweni, mwendo mfupi kwa treni. Sisi wa pwani tunaona tunayajua maji kupwa na kujaa. Ghuba ile ina mchanga unaodidimia na maji yanayorudi kwa kasi kuliko mtu anavyokimbia. Februari 2004 wachuma kome wa Kichina wasiopungua 21 walifia pale. Kaa barabarani, ule samaki na chipsi, usitembee mchangani bila kiongozi anayeijua ghuba.

Na wewe uliyetangulia, uliyekwisha kuijua ofisi ya ushauri iko ghorofa ya ngapi: kila chuo kina Mtanzania, Mkenya au Mkongomani aliyefika mwaka huu na sasa hana darasa la kumtoa chumbani. Mtafute kabla ya wiki ya mitihani, mgongee mlango, mpikie wali, na umwonyeshe fomu ile ilipo.