Kompyuta Inayozima na Kuwaka Yenyewe: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuipeleka kwa Fundi

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Ilula kupanda gari hadi Iringa Mjini au makao makuu ya wilaya, Kilolo, leo hupatikana kwa njia ya kompyuta. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, maombi ya kazi serikalini hutumwa kupitia Ajira Portal, na mwanafunzi anayehitaji mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu ya Bodi ya Mikopo, HESLB, mtandaoni. Kwa sababu hiyo, kompyuta inayozima na kuwaka yenyewe katikati ya kazi si kero ndogo. Huweza kumnyima kijana nafasi ya chuo siku ya mwisho ya maombi.

Uchukuliwe mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ambaye kompyuta yake huzima karibu kila jioni. Anaipeleka kwa fundi, naye anapiga Windows upya. Kumbukumbu za hisa za miaka mitatu zinafutika. Jioni ile ile kompyuta inazima tena, kwa kuwa chanzo kilikuwa ekstensheni iliyolegea. Katibu amelipa fedha, amepoteza hesabu za wanachama, na tatizo limebaki pale pale. Somo hili linaeleza hatua tano zitakazomwepusha mkazi na hasara ya namna hiyo, kuanzia zile zisizogharimu chochote.

Hatua ya kwanza: kuokoa kumbukumbu na kuandika matukio

Kabla ya jambo lolote, nyaraka muhimu zinakiliwe kwenye flashi, kisha flashi ichomolewe na kuhifadhiwa. Kuzima kwa ghafla wakati diski inaandika huweza kuharibu faili lililo wazi.

Baada ya hapo, daftari dogo liwekwe kando ya kompyuta. Kila inapozima, yaandikwe mambo manne: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, muda uliopita tangu iwashwe, na kilichoonekana kwenye skrini au katika taa za nyumba. Matukio matano au sita hutosha kuonesha mwelekeo. Ikiwa taa hufifia wakati huo huo, umeme ndio wa kutiliwa shaka. Ikiwa kompyuta huzima baada ya muda wa matumizi huku feni ikivuma kwa nguvu, joto linahusika. Skrini ya bluu yenye maandishi huelekeza kwenye programu au kifaa cha ndani. Iwapo ulitangulia ujumbe wa kutaarifu kwamba mashine itawashwa upya, basi huenda hakuna ubovu wowote, bali Windows inakamilisha masasisho.

Hatua ya pili: umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani hubeba akiba ndogo sana: mashine ikiwa na kazi nzito, akiba hiyo hukadiriwa kudumu milisekunde 16 hivi, muda usiofikia hata mzunguko mmoja wa umeme. Ndiyo sababu taa inaweza kupepesa kidogo tu, redio ikaendelea kuimba, lakini kompyuta ikazima. Kompyuta mpakato yenye betri nzima huvuka pengo hilo bila kutikisika.

Mota kubwa, kama ile ya mashine ya kusaga nafaka, huvuta wakati wa kuanza umeme mwingi mara kadhaa kuliko inapokuwa tayari inazunguka. Nyumba zilizo kwenye laini moja nayo huweza kushuka volti kwa muda mfupi. Karakana ya kuchomelea vyuma huleta athari ya aina hiyo hiyo. Mkazi alinganishe saa zilizoandikwa kwenye daftari na saa za kazi za mashine hizo.

Jaribio la kwanza ni kuiondoa ekstensheni na kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila kuchanganya na pasi au jagi la umeme. Waya unaoingia nyuma ya kasha nao usukumwe hadi ukae imara. Plagi yenye alama ya kuungua au soketi inayopata moto isitumike tena. Tatizo likiwakumba na majirani, taarifa ipelekwe TANESCO. Likiwa ndani ya nyumba moja tu, aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Wanunuzi wengi huchanganya stabilaiza na UPS. Stabilaiza husawazisha volti inayopanda na kushuka, lakini haina akiba, hivyo umeme ukikatika nayo hukatika. UPS ina betri, na humpa mtumiaji dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Hata hivyo, hakuna kati ya hivyo kinachoweza kutegemewa mbele ya radi. Msimu wa mvua, wingu linapoanza kunguruma, dawa ya uhakika ni kuchomoa plagi.

Hatua ya tatu: joto na vumbi

Kiangazi cha Ilula huja na upepo na vumbi. Vumbi hilo huvutwa na feni, hujaa kwenye matundu, na hewa hukosa njia. Prosesa nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi joto 100, na joto likizidi, mashine huzima ili isiungue.

Kompyuta ichomolewe kwenye umeme na kuachwa ipoe. Kifuniko cha kasha kifunguliwe, na fundo la chuma liguswe kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, huku mapanga ya feni yakiwa yameshikwa yasizunguke. Kitambaa chenye maji kisitumike. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe, kwa sababu ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Kompyuta mpakato isitumiwe juu ya godoro au blanketi, kwani matundu yake mara nyingi yako chini.

Hatua ya nne: kuisoma Windows

Windows kwa kawaida hujiwasha upya inapopata hitilafu kubwa, na ujumbe wa kosa hupotea kabla haujasomwa. Ili ubaki, kibonyezwe kitufe cha Windows pamoja na R, liandikwe neno sysdm.cpl, kisha ifunguliwe sehemu ya Advanced, na ndani ya Startup and Recovery iondolewe alama kwenye Automatically restart. Skrini ya bluu itakapotokea itabaki, na maandishi yake yanaweza kupigwa picha kwa simu.

Kwa njia hiyo hiyo, eventvwr.msc hufungua kumbukumbu za matukio. Tukio namba 41 la Kernel-Power humaanisha kwamba mashine iliwaka bila kuzimwa kwa utaratibu. Namba hiyo huthibitisha tukio, lakini peke yake haitaji chanzo. Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine zisizopata masasisho ya usalama zinahitaji uangalifu zaidi dhidi ya virusi.

Hatua ya tano: RAM na diski

Amri ya mdsched hupima RAM baada ya kompyuta kuwashwa upya. Kosa likionekana, vipande vya RAM vitolewe na kurudishwa kimoja kimoja ili kibovu kijulikane. Diski inayotoa sauti ya kugonga au kuchelewa kusoma faili ibadilishwe mapema.

Wakati wa kumwona fundi

Hatua hizi zikikamilika bila mafanikio, daftari lipelekwe pamoja na mashine. Fundi mwenye kumbukumbu za matukio huanza na pawasaplai, krimu ya joto au ubao mkuu kulingana na dalili. Mkazi aulize kwanza ni kipi kimepimwa, asikubali kupigiwa Windows kabla ya nyaraka zake kunakiliwa, na kifaa kilichobadilishwa arudishiwe pamoja na risiti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kompyuta ya nyumbani, ufa huo mara nyingi ni plagi iliyolegea au vumbi la msimu mmoja, na huzibwa kwa nusu saa ya subira.