Hewa ya Sumu Katika Gari Lililosimama

Joto la Kariakoo unalijua. Dereva anayesubiri mzigo Mtaa wa Msimbazi hufunga vioo, huacha injini ikinguruma ili apate kiyoyozi, kisha husinzia. Kiyoyozi chenyewe hakina sumu. Sumu imo katika moshi wa injini, nayo ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Bomba la moshi likiwa limetoboka, au gari likisimama ndani ya banda, hewa hiyo huingia ndani. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa oksijeni.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Wengi husema ni malaria. Lakini malaria haipungui kwa kutoka garini! Aliyelala huenda asiamke.

Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Zima injini, kaa kivulini, na fundi akague bomba. Ukimkuta mtu amezimia garini, fungua milango, mtoe nje, mpeleke hospitali upesi hata akizinduka. Mweleze mganga kwamba injini ilikuwa ikinguruma.

Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa hiyo hiyo.